Shangazi wa Vyeti na Siku ya Kutoa Moja

Ijumaa hii, tarehe ishirini na tisa, saa kumi kamili alasiri, Afisa Ajira wetu atafunga kabati lake la mafaili kwa mara ya mwisho, atakabidhi funguo, na kustaafu baada ya kuitumikia kampuni hii miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku sita. Hizo siku sita amezihesabu mwenyewe na ametuagiza tusizikate. Jina lake kamili lipo kwenye hati za ofisi, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkurugenzi, sote tunamwita Shangazi.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu huu kwa kuwa, walivyosema wenyewe, mimi ndiye niliyemtia Shangazi aibu kuliko wote na bado tunasalimiana. Ni kweli. Kazini naitwa Fremu. Sababu ya jina hilo mtaisoma hapa chini, na nawaomba wanaoijua wasiwahadithie wageni kabla sijafika.

Shangazi aliajiriwa kama karani wa masijala, enzi ambazo kampuni ilikuwa vyumba viwili juu ya karakana ya mafundi cherehani. Cherehani zikianza kuzunguka kule chini, kalamu huku juu zilitembea zenyewe mezani. Wakati huo tulikuwa na programu mbili tu za kujivunia: moja ya kupanga zamu za wauguzi, na nyingine ya kupanga upya zamu hizohizo baada ya ile ya kwanza kukosea. Kazi ya Shangazi ilikuwa kupokea barua, kuzitoboa, kuzifunga kwenye mafaili, na kuwakemea wanaochukua faili bila kusaini.

Nyota yake iling'aa mwaka wa tatu. Alikuja bwana mmoja kuomba kazi ya kusimamia mitambo, suti imenyooka, cheti kinameremeta. Mkurugenzi wa wakati huo alikuwa ameshampa mkono na wameanza kuulizana habari za nyumbani. Shangazi akachungulia mlangoni akiwa na faili kifuani.

"Samahani, bosi. Hiki cheti kimetolewa tarehe thelathini na moja Juni."

Mkurugenzi akauliza Juni ina ubaya gani. Shangazi akamwomba ahesabu siku za mwezi kwa vifundo vya ngumi. Bosi akahesabu ngumi ya kulia, akahesabu ya kushoto, na alipoinua kichwa yule bwana alikuwa ametoka kupokea simu. Simu hiyo anaipokea mpaka leo. Mwezi uliofuata Shangazi akahamishiwa ajira.

Huko ndiko alikovipenda vyeti. Alikuwa na rula ya kupimia pambizo za karatasi, lenzi ya kuchunguzia mihuri, na tabia ya kuinusa karatasi kabla ya kuisoma. Mumewe, fundi wa majokofu ambaye wengi wenu mnamfahamu, alitusimulia kwenye sherehe moja kwamba alipomposa aliombwa barua mbili za wadhamini, na kwamba mmoja wa wadhamini hao alipigiwa simu. Mpaka leo hajui mdhamini alisema nini. Anachojua ni kwamba alipita usaili.

Upo pia uvumi kwamba Shangazi aliwahi kubeba mafaili ya waombaji wawili mpaka chumba cha posta akayaweka kwenye mizani ya vifurushi, ili amchukue mwenye faili zito. Nilimuuliza kwa ajili ya wasifu huu. Alikunja uso. Alisema alifanya hivyo mara moja tu, na mafaili yalilingana, kwa hiyo hayakumsaidia kitu.

Miaka minane iliyopita kampuni iliamua kuanzisha kitengo cha usalama wa programu. Wakati huo tulikuwa tumeshaingia hospitalini kwa miguu yote miwili: programu zetu zilitunza miadi, zilitunza majibu ya maabara, na kila wiki tulisikia mahali fulani wadukuzi wameingia kwenye mfumo fulani na kuondoka na siri za watu. Bodi ikaagiza watafutwe wataalamu. Shangazi akaandika tangazo fupi kuliko yote aliyowahi kuandika: "Mwombaji awe na vyeti vya usalama wa programu. Vikiwa vingi, vizuri zaidi."

Nilikuja na kumi na vinne.

Nilivileta kwenye sanduku la magurudumu, na gurudumu moja lilikuwa linalia, kwa hiyo nilisikika tangu ghorofa ya chini. Vyeti vyenyewe vilikuwa halali, hilo nalisisitiza. Nilisoma, nikafanya mitihani, nikafaulu. Kulikuwa na cha kulinda mitandao, cha kupima programu, cha kusimamia wanaopima programu, na kimoja cha kuwasimamia wanaowasimamia hao. Shangazi alivitazama kama mama anayeangalia picha za harusi ya mwanawe. Usaili ulichukua dakika kumi na moja, na tisa kati ya hizo alikuwa akihesabu. Alimaliza, akahesabu tena, si kwa mashaka bali kwa raha. Swali lilikuwa moja tu: je, nina nakala? Nilikuwa nazo tatu za kila kimoja. Nikaajiriwa.

Siku ya kwanza kazini nilivitia vyote kwenye fremu na kuvitundika ukutani. Sikujua kwamba ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba. Misumari kumi na minne ilitokeza upande wa pili, kwa mwanasheria wa kampuni. Yeye hakulalamika. Alitundika koti, mkoba, mwavuli na vitu vingine kumi na kimoja, kisha akaja kuniuliza kwa heshima kama natarajia kusoma zaidi, maana bado ana skafu. Basi hilo ndilo jina langu, na sasa wote mnajua.

Lakini kuna jambo lililotokea siku ileile ya usaili wangu, dakika chache baada ya sanduku langu kutoka mlangoni, ambalo Shangazi hakulisimulia kwa miezi mitatu.

Aliyeingia baada yangu alikuwa mwanamke mmoja fundi kufuli. Miaka kumi na moja alikuwa akitengeneza vitasa na kuwafungulia watu milango waliyojifungia wenyewe. Kompyuta alijifunza peke yake, kwa kuzifumua na kuzirudisha, kwanza vyuma vyake, kisha programu zake. Cheti hakuwa nacho hata cha kuzaliwa, kwa maana alikisahau nyumbani. Alikuja na barua moja ya mteja iliyosema, "Amenifungulia mlango wangu mara nne na hajawahi kunicheka."

Shangazi alimwonea huruma. Akamkalisha mbele ya kompyuta ajaze fomu ya maombi, fomu ambayo tulikuwa tumeitengeneza wenyewe na tukiionea fahari. Kwenye kisanduku cha idadi ya vyeti yule fundi akaandika sifuri. Fomu ikakataa. Akaandika tena sifuri. Fomu ikakataa kwa herufi nyekundu.

"Mwanangu," Shangazi akamwambia, "ndiyo hivyo tena. Hatuna pa kukuandika."

Fundi akaitazama ile fomu kama anavyotazama kitasa. Kisha akaandika kutoa moja. Yaani alama ya kutoa, halafu moja. Fomu ikanyamaza kidogo, ikakubali, na kwenye skrini zikaporomoka habari za waombaji wote wa mwaka ule: majina, simu, anwani, na maoni ya siri ya Shangazi kuhusu kila mmoja. Kwenye langu alikuwa ameandika, "Kijana safi. Sanduku litiwe mafuta."

Shangazi alichomoa waya ukutani.

"Umeharibu kompyuta ya ofisi!"

"Sijaiharibu, Shangazi. Nimeikuta imeharibika."

Alimwonyesha mlango. Fundi akaondoka bila kelele, ila akiwa kwenye ngazi aligeuka na kusema kwamba kama hiyo fomu ina ndugu zake mahali pengine, waangaliwe nao.

Fomu ile ilikuwa na ndugu. Mafundi wetu walikuwa wamekinakili kipande kilekile cha programu na kukitia kwenye mashine ya majibu ya maabara katika hospitali kubwa kuliko zote tulizozihudumia. Mgonjwa aliandika namba yake kwenye mashine ukumbini, na mashine ikamtolea majibu kwenye karatasi. Ilifundishwa kuikataa sifuri. Hakuna aliyekumbuka kuifundisha kukataa kilicho chini ya sifuri.

Miezi mitatu baadaye, Jumatatu asubuhi, mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, alikwenda kuchukua majibu yake ya damu. Akaandika namba, akapewa karatasi. Karatasi ikampongeza kwa mimba ya wiki kumi na sita, ikasema mtoto anaendelea vizuri, na ikamshauri asibebe mizigo mizito. Mzee akaisoma kwa sauti mara mbili, akaikunja, akaenda dirishani kwa muuguzi na kuuliza kwa upole kama mjukuu anayembeba mgongoni anahesabika kuwa mzigo mzito.

Wauguzi walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha mmoja wao akaacha kucheka na kuuliza: kama majibu haya si ya mzee, ni ya nani? Wakayatafuta. Yalikuwa ya dada mmoja ambaye alikuwa bado hajamwambia mtu yeyote, hata mama yake, na siri yake ilikuwa imesomwa ukumbini kwa sauti ya dereva wa malori. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Hospitali ikatupa mpaka Ijumaa. Tusipoonyesha shimo liko wapi, limezibwaje, na ni wagonjwa gani walioonekana, mashine inazimwa na sisi tunaaga. Na hospitali ile ikituaga, nusu ya wafanyakazi wa jengo hili nao wangeaga.

Kazi nikapewa mimi. Na kwa nini nisipewe? Nilikuwa na cheti cha kulinda, cha kupima, cha kuwasimamia wanaopima. Saa ya kwanza nilifanya kama nilivyofundishwa: kabla ya kugusa chochote nilinakili kumbukumbu zote za mashine na kuzifungia kabatini. Kisha nikachora mpango. Nikachora jedwali la mpango. Kufikia Jumatano nilikuwa na ripoti ya kurasa arobaini na tatu yenye majina ya kila aina ya shimo linalojulikana duniani, isipokuwa lile letu. Ukurasa wa arobaini na tatu ulisema nahitaji muda zaidi.

Mchana huo tulikaa kikao. Muuguzi alikuja kutueleza kila kitu tena tangu mwanzo, na safari hii akataja kitu kidogo: kwenye kadi ya mzee namba ilikuwa imeandikwa baada ya kistari, na mzee, kwa kuwa ni mtu makini, aliiandika pamoja na kistari chake. Mimi nikasema hilo ni kosa la mtumiaji, nikafungua ukurasa unaofuata.

Shangazi alikuwa pembeni akiandika kumbukumbu za kikao. Kalamu yake ikasimama. Wanaomjua wanajua kwamba kalamu ile haisimami, hata umeme ukikatika. Akainuka.

"Bosi, hili shimo mimi nimewahi kuliona," alisema. "Nilionyeshwa, miezi mitatu iliyopita, kwenye fomu yetu wenyewe. Na aliyenionyesha nilimfukuza, kwa sababu hakuwa na cheti."

Kiti cha mwanasheria kililia. Mkurugenzi akavua miwani, akaivaa, akauliza kwa nini hakusema siku ileile.

"Niliona aibu," Shangazi akajibu. "Nilidhani nikichomoa waya yameisha."

Alikuwa amebakiza miaka minane tu kufikia leo. Angeweza kunyamaza akaandika kumbukumbu zake vizuri, na lawama ingenikalia mimi na fremu zangu. Nimemwona Shangazi akifanya mambo mengi, lakini kila ninapomfikiria namwona amesimama pale, kalamu mkononi, akitaja kosa lake mwenyewe mbele ya watu tisa.

Mkurugenzi akasema atumwe mtu amtafute huyo fundi. Shangazi akasema hapana, atakwenda mwenyewe. Nikaambiwa nimsindikize ili nieleze mambo ya kitaalamu. Halikuhitajika hata moja.

Kibanda cha fundi kufuli kilikuwa nyuma ya maduka ya vitambaa, mlango wake umejaa funguo zisizo na wenyewe. Mbele yetu palikuwa na mteja aliyekuja na mlango mzima kichwani, maana ufunguo ulimkatikia ndani ya kitasa na hakuwa na bisibisi ya kukifungulia. Fundi alituona, akatuamkia vizuri, na kutuambia tupange foleni nyuma ya mlango. Tukapanga. Shangazi, ambaye amewasubirisha watu kwenye benchi la ukumbi wetu kwa miaka na miaka, alisimama dakika arobaini bila kutazama saa.

"Haya, Shangazi, karibu. Umepoteza ufunguo?"

"Nimepoteza adabu, mwanangu. Nimekuja kuifuata."

Fundi akafuta mikono polepole. "Si mlisema hamna pa kuniandika?"

Shangazi akafungua mkoba akatoa karatasi tupu, isiyo na mistari wala visanduku. "Nimekuletea hii. Andika unavyotaka."

Fundi akaitazama ile karatasi, akamtazama yeye, akacheka mpaka funguo mlangoni zikacheza. Kisha akaninyooshea kidole. "Na huyu?"

"Huyu ana vyeti kumi na vinne."

"Pole," fundi akaniambia.

Alhamisi asubuhi alikuwa kwetu. Kufikia saa ya chakula cha mchana alikuwa amelipata shimo, na mengine manane ya ukoo huohuo. Hakuwa na jedwali. Aliandika tu vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu haandiki: herufi mahali pa namba, jina lake mahali pa tarehe, siku ya kuzaliwa ya wiki ijayo. Nilipomuuliza amejifunzia wapi, alisema wateja wastaarabu huingiza ufunguo kwenye kitasa, ila yeye maisha yake yote ameshughulika na matokeo ya wale wanaoingiza uma. Nikaelewa kwa nini sikuliona. Siku tatu nzima nilikuwa nikiandika namba sahihi, kwa adabu, moja baada ya nyingine.

Mnaweza kudhani wasifu unaishia hapo, vyeti vichomwe moto na mafundi kufuli wachukue nchi. Ngojeni kidogo.

Fundi aliandika ripoti. Ilikuwa na maneno mawili: "Nimeziba. Jaribuni." Zaidi ya hayo, kwa kupenda usafi, alikuwa amefuta kumbukumbu zote za mashine, kwa kuwa alizikuta zimejazana na zinamchafulia skrini. Mimi nilishika meza. Kumbukumbu zile ndizo peke yake zilizoonyesha nani alifungua majibu ya nani. Bila hizo tusingejua ni wagonjwa gani wa kuwaomba radhi, na hospitali isingetusamehe kamwe.

Hapo cheti changu cha saba, kile cha kutunza ushahidi, kikajibu maswali. Ile nakala niliyoifungia kabatini saa ya kwanza ya Jumatatu ndiyo iliyotuokoa. Tukaipitia, tukawapata wagonjwa ishirini na watatu, na kila mmoja akaitwa na kuelezwa kwa heshima, akiwemo yule dada, ambaye alikuja na mama yake. Ijumaa wakaguzi wa hospitali walitaka kujua ukarabati ulipimwaje, na nani, na mara ngapi. Kwa kila swali fundi alijibu, "Njoo uingize uma mwenyewe." Nilijibu mimi, kwa lugha waliyoizoea, nikasaini, na saini yangu ikakubaliwa kwa sababu ya zile karatasi ukutani. Mashine ikawashwa saa tisa alasiri. Yule mzee alikuwa wa kwanza. Majibu yake yalisema ana mafuta kidogo kwenye damu. Wauguzi wanasema aliondoka kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Shangazi alipewa barua ya onyo. Aliipokea, akaitoboa, akaifunga kwenye faili lake mwenyewe, kisha akamrudia mkurugenzi kumwambia kwamba kwenye aya ya pili pamekosekana mkato. Fundi kufuli akaajiriwa kwa ile karatasi tupu.

Baada ya hapo usaili wa kitengo chetu ukabadilika, na huu ndio mchango wa Shangazi ambao ofisi nyingine wanakuja kuuiga. Vyeti aliendelea kuvitaka, akaendelea kuvipima kwa rula na kuvinusa. Ila sasa kila mwombaji, awe na vyeti ishirini au barua ya mteja mmoja, alikalishwa saa mbili mbele ya programu mbovu, akapewa chai na biskuti, na kuambiwa atafute kasoro. Akiipata, amweleze Shangazi mwenyewe, mpaka Shangazi aelewe. Asipoelewa, hakuna kazi. Mmoja mwenye vyeti tisa alitumia saa zote mbili kutengeneza kiti kilichokuwa kinayumba. Tukamshukuru, tukampeleka idara ya majengo, na huko ni hodari sana. Mwingine alieleza shambulio zima kwa biskuti, akiwapanga wadukuzi upande mmoja wa sahani na wagonjwa upande mwingine. Katikati ya maelezo Shangazi, kwa kuzama mno, akamla mgonjwa. Dada huyo tulimchukua siku ileile.

Mwaka wa pili Shangazi akasema haiwezekani awe anahukumu mtihani asioujua. Akiwa na miaka hamsini na minne akajiandikisha kufanya mtihani wa cheti cha usalama wa programu. Alisoma wakati wa chakula, kitabu kimeegeshwa kwenye chupa ya chai, na fundi kufuli na mimi tukimfundisha kwa zamu, yeye kwa uma na mimi kwa majedwali. Mara ya kwanza alifeli kwa kuwa swali la kumi na mbili alilibishia kwa maandishi mpaka muda ukaisha. Mara ya pili alishindwa kuingia kabisa: alikuwa amejiwekea nenosiri imara, kama kitabu kilivyosema, na akalisahau. Mara ya tatu alifaulu kwa alama moja. Tulikusanyika kumpongeza, na hotuba yake naikumbuka neno kwa neno.

"Ni mtihani wa kweli, wanangu, umenitoa jasho. Lakini hata mimi nimefaulu. Kwa hiyo tuwe waangalifu."

Kisha akamgeukia fundi kufuli na kumwambia zamu ni yake. Fundi alikataa miaka miwili, na Shangazi akamsumbua miaka miwili, akimwachia fomu mezani, kwenye mkoba, na mara moja ndani ya kufuli. Hatimaye akakubali. Alifaulu kwa alama ambazo mimi sijawahi kuziona, na sasa ndiye mkuu wa kitengo na bosi wangu. Pamoja naye Shangazi ametuajiria watu kumi na tisa. Wenye vyeti vingi wamo, wasio na kitu wamo, na hospitali ile bado ni yetu.

Jumatatu wiki hii, kwa mujibu wa taratibu za kustaafu, masijala ililazimika kulifungua faili la Shangazi mwenyewe. Tulikuwapo karani wa sasa, mwanasheria, mkurugenzi na mimi, na Shangazi amekaa kando kuhakikisha tunafungua vizuri. Karani akafika sehemu ya vyeti vya kuingilia kazini. Palikuwa na karatasi moja tu, imegeuka rangi ya chai, kwa mwandiko wa Shangazi, ya wiki yake ya kwanza kazini. Mwanasheria akaisoma kwa sauti: "Cheti cha kupiga chapa: kitaletwa wiki ijayo."

Tukageuka sote. Shangazi akavaa miwani, akaisogeza karatasi karibu, akasema mwandiko ni mzuri.

Mkurugenzi akamuuliza, taratibu sana, cheti kiko wapi.

"Sikukipata kamwe," alisema. "Wiki ya mtihani binti yangu aliugua, nikakaa naye. Halafu kazi zikanizidi. Kila Jumatatu nilijua leo ndiyo wataniuliza, na kila Jumatatu hamkuniuliza. Ningejiuliza mwenyewe, lakini mimi ndiye afisa."

Nilifikiria watu wote waliokaa mbele ya rula ile kwa miaka hiyo, na yeye ng'ambo ya meza, akiogopa kuliko wao.

Mkurugenzi akatoa kalamu mfukoni, akaiweka karatasi mezani, na chini ya mwandiko wa Shangazi akaandika neno moja: "Kimepokelewa." Akasaini. Shangazi aliomba atoke kidogo akanywe maji, na maji hayo aliyanywa robo saa.

Shangazi, kwa niaba ya wote uliowafungulia mlango, na hata wale wachache uliowafungia ukawafuata kuwarudisha, tunakushukuru sana. Msalimie mumeo, msalimie binti yako na wajukuu. Lala mpaka jua likuchoke. Tunakuombea afya, raha na miaka mingi isiyo na fomu hata moja ya kujaza.